Maswali Kuhusu Shakespeare: Shajara ya Kuandaa Kijitabu

Jumamosi, 8 Februari 2025

Kazi imeanza leo. Kikundi chetu cha usomaji hapa Morogoro, ambacho mwaka mzima uliopita kilikuwa kikisoma kwa sauti tafsiri za Kiswahili za tamthilia za William Shakespeare, kimenikabidhi bahasha yenye karatasi 46 za maswali yaliyoandikwa na wanakikundi wenyewe. Jukumu langu ni kuyajibu katika kijitabu kimoja kitakachotumiwa na wasomaji wapya, wengi wao wakiwa wanafunzi wa sekondari na watu wazima ambao hawakupata nafasi ya kumsoma mwandishi huyu kwa Kiingereza. Tafsiri tulizosoma ni nne: Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Mwalimu Julius Nyerere, pamoja na Makbeth na Tufani za Samuel Mushi, zote zikiwa matunda ya miaka ya 1960.

Nilipozitandaza karatasi mezani, ziligawanyika zenyewe katika mafungu matatu, yaani maisha yake, jina lake na wahusika wake. Mwalimu mstaafu ninayeshirikiana naye alizisoma zote kwa utulivu, kisha akasema, "Mwanangu, kila jibu liwe na karatasi nyuma yake. Pasipo karatasi, sema wazi kwamba ni simulizi." Nimeyafanya maneno yake kuwa kanuni ya mradi. Kila jibu litaanza na neno moja kati ya matatu: hati, ikiwa kuna maandishi ya wakati wake yanayolithibitisha, simulizi, ikiwa jambo lilianza kuandikwa baada ya yeye kufariki, au makisio, ikiwa wataalamu wamelijenga kutokana na dalili. Nina imani kwamba msomaji akiyajua haya matatu hatapotoshwa kirahisi, hata akikutana na maswali ambayo hatukuyajibu.

Jumamosi, 15 Februari 2025

Swali la kwanza kukamilika ni la siku ya kuzaliwa. Lilionekana jepesi, lakini limenichukua wiki nzima. Hati iliyopo ni daftari la ubatizo la Kanisa la Utatu Mtakatifu mjini Stratford-upon-Avon, linaloonyesha kwamba mtoto wa John Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564. Siku aliyozaliwa haikuandikwa popote. Tarehe 23 Aprili, inayosherehekewa duniani kote, imetokana na desturi ya kubatiza watoto wachanga siku chache baada ya kuzaliwa, na ikapendwa zaidi kwa kuwa alifariki tarehe hiyo hiyo mwaka 1616.

Kilichonifurahisha ni ushahidi wa tatu ambao wengi huupita. Mnara wa kumbukumbu uliojengwa ukutani karibu na kaburi lake unasema kwamba alifariki tarehe 23 Aprili akiwa katika mwaka wake wa 53. Maana yake ni kwamba wakati huo alikuwa ameshatimiza miaka 52, hivyo hakuzaliwa baada ya tarehe 23 Aprili 1564. Tukiuweka ushahidi huu pamoja na ubatizo wa tarehe 26, tarehe inayosherehekewa inakuwa makisio yenye mashiko, na ndivyo nilivyoiandika.

Karatasi moja iliuliza kama ni kweli kwamba yeye na Miguel de Cervantes wa Hispania walifariki siku moja, kwa kuwa UNESCO iliichagua tarehe 23 Aprili kuwa Siku ya Kitabu Duniani. Tarehe zinazotajwa zinafanana, lakini siku ni tofauti. Hispania ilianza kutumia kalenda mpya ya Papa Gregori mwaka 1582, wakati Uingereza iliendelea na ile ya zamani hadi 1752, na mwaka 1616 kalenda hizo zilipishana kwa siku 10. Siku aliyofariki Shakespeare ilikuwa 3 Mei kwa hesabu ya Madrid.

Jumamosi, 1 Machi 2025

Fungu la jina ndilo lenye karatasi nyingi kuliko nilivyotarajia, nami nimelipa nafasi kubwa kwa sababu ndimo uvumi mwingi ulimozaliwa. Maswali yenyewe yanazunguka mambo matatu: jina linaandikwaje, lina maana gani, na kwa nini hakuliandika kwa namna moja.

Zipo sahihi sita ambazo wataalamu kwa jumla wanazikubali kuwa ni za mkono wake. Moja iko katika ushahidi alioutoa mahakamani mwaka 1612, mbili katika hati za ununuzi wa nyumba katika eneo la Blackfriars, London, mwaka 1613, na tatu katika wosia wake wa mwaka 1616. Hakuna hata moja kati ya hizo sita yenye tahajia tunayoitumia leo. Nyingine amezikatiza njiani, nyingine zinasomeka Shakspere, na ile ya mwisho ya wosia inasomeka Shakspeare. Tahajia ya leo ilitoka kwa wachapaji, na ilionekana chini ya tabaruku za tenzi zake mbili zilizochapishwa mwaka 1593 na 1594.

Wapo wanaoichukua tofauti hiyo kuwa dalili ya udanganyifu, wakisema mtu asiyejua kuandika jina lake hawezi kuwa ameandika tamthilia zile. Hapa naona msomaji wa Kiswahili ana nafasi nzuri ya kuelewa kuliko wengi. Kabla ya mwaka 1930, ilipoundwa kamati ya kusanifisha Kiswahili katika nchi za Afrika Mashariki, lugha yetu iliandikwa kwa tahajia nyingi, na katika miswada ya zamani ya hati za Kiarabu herufi moja ya "be" iliweza kusimama mahali pa b, p au mb, msomaji akatambua neno kwa kulijua shairi. Hakuna anayesema kwamba washairi wa Pate na Lamu hawakujua lugha yao. Kiingereza cha mwaka 1600 nacho kilikuwa hakijasanifishwa, na watu wengi wa wakati huo, wakiwemo wasomi, walitia sahihi majina yao kwa namna zaidi ya moja.

Maana ya jina ni nyepesi zaidi: ni "tikisa mkuki". Watu wa zama zake waliisikia maana hiyo wazi. Mwaka 1592 kilichapishwa kijitabu chenye jina la mwandishi Robert Greene kikimshambulia mwigizaji mmoja mgeni aliyejiona kuwa ndiye "mtikisa-jukwaa" wa pekee nchini, mchezo wa maneno unaomlenga Shakespeare bila shaka, na ndiyo mara ya kwanza kwake kutajwa kama mtu wa tamthilia mjini London. Mwaka 1596 baba yake alipoombewa nembo ya ukoo, mchoro ulitiwa mkuki. Kuhusu kistari kinachoonekana katikati ya jina kwenye jalada la soneti zake za mwaka 1609, ambacho wengine hukitaja kuwa alama ya jina la kificho, nimeeleza kwamba wachapaji wa London walikitia hata katika majina mengine yaliyoweza kugawanyika kuwa maneno mawili yenye maana.

Lilibaki suala la namna ya kuliandika katika kijitabu chetu, kwa kuwa wapo waliopendekeza Shekspia. Niliitazama tena njia ya Mwalimu Nyerere. Tafsiri yake ya kwanza, ya mwaka 1963, ilibeba jina Julius Caezar, na alipoisahihisha mwaka 1969 akaiita Juliasi Kaizari. Jina la mhusika alilifanya kuwa la Kiswahili kabisa, huku lake mwenyewe, ambalo ni hilo hilo Julius, akiliacha lilivyo. Nimeufuata mfano huo kwa sehemu: majina ya tafsiri yanabaki kama wafasiri walivyoyaandika, na jina la mwandishi linabaki kama lilivyozoeleka vitabuni.

Alhamisi, 6 Machi 2025

Nimerekebisha kosa langu. Katika rasimu ya swali la ndoa niliandika kama jambo la hakika kwamba karani wa askofu alikosea, kumbe hayo ni makisio. Hati ziko mbili. Daftari la tarehe 27 Novemba 1582 linataja ruhusa ya ndoa kati ya William Shakespeare na Anne Whateley wa Temple Grafton, na hati ya dhamana ya pauni 40 iliyotiwa sahihi siku iliyofuata inamtaja Anne Hathaway wa Stratford. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba karani aliliandika jina la Whateley kimakosa, kwa kuwa alikuwa akishughulikia pia shauri la mtu wa jina hilo. Rasimu sasa inasema hivyo, chini ya neno makisio.

Mengine ya ndoa ni hati tupu. Yeye alikuwa na miaka 18 na mkewe 26, na binti yao Susanna alibatizwa Mei 1583, miezi sita baada ya ndoa. Kuhusu "kitanda cha pili kwa ubora" alichomwachia mke katika wosia, nimeongeza kwamba mstari huo umechomekwa juu ya maneno yaliyokwisha kuandikwa. Kinachosomeka ni kwamba ulikumbukwa baadaye. Kusoma humo upendo au dharau ni kuongeza jambo ambalo wosia haukulisema.

Jumamosi, 22 Machi 2025

Swali la leo liliandikwa na mama mmoja wa kikundi ambaye alizaa pacha, na nilitaka nilijibu kwa heshima inayostahili. Aliuliza kama tamthilia ya Hamlet iliitwa kwa jina la mtoto aliyefariki.

Shakespeare na Anne walipata pacha, Hamnet na Judith, waliobatizwa tarehe 2 Februari 1585. Hamnet alizikwa tarehe 11 Agosti 1596, akiwa na miaka 11. Tamthilia ya Hamlet iliandikwa karibu na mwaka 1600. Majina hayo mawili yalikuwa jina moja katika masikio ya watu wa Stratford: pacha walipewa majina ya majirani, mume na mke, Hamnet na Judith Sadler, na jirani huyo ameandikwa Hamlett katika wosia wa Shakespeare mwenyewe. Lakini jina la mkuu wa Denmark halikubuniwa na Shakespeare. Kisa cha Amleth kilikwishaandikwa kwa Kilatini na Saxo Grammaticus karne nyingi kabla, na tamthilia ya zamani zaidi kuhusu Hamlet ilikuwa imeshatajwa London mwaka 1589, wakati mtoto angali hai.

Jibu langu, basi, limegawanyika. Kwamba jina lilitoka kwa mtoto si kweli. Kwamba baba aliyemzika Hamnet aliweza kuliandika jina hilo mara kwa mara, katika kisa cha baba na mwana wanaotenganishwa na kifo, bila kumkumbuka wake, mimi siamini, na nimeandika kwamba hayo ni maoni ya mwandishi wa kijitabu. Mwalimu mstaafu aliikubali aya hiyo bila kubadili neno.

Katika ukurasa huo huo nimejibu swali la wazao. Judith alipata wana watatu, wote wakafariki kabla hawajaoa. Susanna alipata binti mmoja, Elizabeth, aliyefariki mwaka 1670 bila mtoto, na uzao wa moja kwa moja ukaishia hapo. Wazao waliopo leo ni wa dada yake, Joan.

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Karatasi tisa kati ya 46 zinamhusu Shylock au jina la Mabepari wa Venisi, na hakuna mhusika mwingine aliyeulizwa nusu ya hizo. Wengi wanaamini kwamba bepari anayetajwa ni Shylock. Kwa Kiingereza jina la tamthilia ni la umoja, nalo linamtaja Antonio, mfanyabiashara Mkristo mwenye merikebu. Shylock, mkopeshaji wa Kiyahudi, siye. Mkanganyiko huu, hata hivyo, haukuanzia kwetu. Tamthilia ilipoandikishwa kwa ajili ya uchapaji London mwezi Julai 1598, daftari liliiita kitabu cha mfanyabiashara wa Venice, au kwa jina jingine, Myahudi wa Venice.

Kisha kuna neno lenyewe. "Bepari" lilitufikia kutoka lugha za Wahindi, na mwanzoni lilimaanisha mfanyabiashara, hasa wa Kihindi, bila lawama yoyote ndani yake. Siasa za Ujamaa, na hasa Azimio la Arusha la mwaka 1967, ndizo zilizolipa neno hilo uzito wa mnyonyaji. Tafsiri ya Mwalimu ilitoka mwaka 1969, wakati ambapo maana zote mbili zilikuwa hai masikioni mwa wasomaji. Kijana wa leo anaijua maana moja tu, ndiyo maana karatasi nyingine inauliza kwa mshangao Antonio, mtu mwema, ameingiaje katika kundi hilo.

Nimetumia muda mrefu katika jibu hili kwa sababu naamini wingi uliomo katika jina la Kiswahili ni usomaji makini wa tamthilia. Antonio hukopesha bila riba na kujivunia jambo hilo, lakini anakiri mbele ya Shylock kwamba alimtemea mate na kwamba huenda akamtemea tena. Shylock hutoza riba, lakini ndiye anayeuliza kama Myahudi hana macho, na kama akichomwa hatoki damu. Dukati 3,000 kwa miezi mitatu, na ratili moja ya nyama ya mwili ikiwa deni halitalipwa: mkataba huo wameufunga wote wawili. Wasomaji wetu waliokulia katika Uislamu wanamhukumu Shylock haraka kwa sababu ya riba, nami nimewaomba, ndani ya jibu, watazame pia hukumu ya mwisho inayomlazimisha kuiacha dini yake ili aponye maisha yake. Nimetaja kwamba Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290 na hawakuruhusiwa kuishi humo tena waziwazi hadi miaka ya 1650, hivyo watazamaji wengi wa kwanza wa tamthilia walimfahamu Myahudi kwa masimulizi ya chuki kuliko kwa ujirani.

Jumatano, 23 Aprili 2025

Nimeikumbuka siku yake kwa kumaliza maswali mafupi ya wahusika. Mke wa Macbeth hana jina lake binafsi katika tamthilia. Mke wa mfalme halisi aliitwa Gruoch. Macbeth wa historia alitawala Scotland kuanzia 1040 hadi 1057, na Duncan, mfalme aliyemtangulia, hakuuawa kitandani akiwa mgeni kama tamthilia inavyosema, bali alikufa katika mapigano. Juliet hajatimiza miaka 14, ingawa katika utenzi wa Kiingereza ambao Shakespeare aliutumia alikuwa karibu na miaka 16. Umri wa Romeo hautajwi. Sehemu za wanawake ziliigizwa na wavulana, kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa katika majukwaa ya kulipwa ya Uingereza hadi miaka ya 1660.

Othello amechukua ukurasa mzima. Wanne waliuliza kama alikuwa Mwafrika. Maandishi yanamwita Mmoor, neno ambalo Waingereza wa wakati huo walilitumia kwa Waislamu wa Afrika Kaskazini na pia kwa watu weusi kwa jumla, na wahusika wenzake wanautaja weusi wake mara nyingi. Mwaka 1600 balozi wa Morocco, Abd el-Ouahed ben Messaoud, alikaa London kwa miezi kadhaa kwa mazungumzo ya ushirikiano na Malkia Elizabeth, miaka michache tu kabla tamthilia haijaandikwa. Katika hadithi ya Kiitaliano ya mwaka 1565 iliyotumiwa na Shakespeare, mke peke yake ndiye mwenye jina. Mume huitwa Mmoor tu. Jina Othello alipewa na Shakespeare, na kwangu hilo ni jambo kubwa.

Jumamosi, 3 Mei 2025

Swali la kama kweli aliandika mwenyewe. Nimelijibu kwa ukurasa mmoja na nusu, kwa kuwa hati zinaongea kwa sauti moja. Malipo ya jumba la kifalme ya mwaka 1595 yanamtaja pamoja na waigizaji Will Kempe na Richard Burbage kwa maonyesho ya Krismasi iliyotangulia. Mwaka 1623 waigizaji wenzake wawili, John Heminges na Henry Condell, walikusanya tamthilia 36 na kuzichapisha kwa jina lake, zikiwemo 18 ambazo hazikuwahi kuchapwa. Bila wao tungezikosa Makbeth, Tufani na Juliasi Kaizari, yaani tatu kati ya tafsiri zetu nne. Edward de Vere, anayependekezwa na wengi wa wenye shaka, alifariki mwaka 1604, ilhali kisa cha Tufani kinategemea habari za merikebu iliyopata ajali Bermuda mwaka 1609.

Hoja inayoniumiza ni ile isemayo kwamba mtoto wa mtengeneza glavu wa mji mdogo, asiyefika chuo kikuu, hangeweza. Shule ya Kilatini ya Stratford iliwafundisha watoto Ovid na Cicero kwa saa nyingi za kila siku, na jukwaa lilifundisha yaliyobaki. Katika kikundi chetu kuna fundi cherehani anayekariri hotuba ya Antonio wa Juliasi Kaizari juu ya maiti ya Kaizari kuanzia mwanzo hadi mwisho, na ningeona haya kumpa kijitabu chenye kukubali hoja hiyo.

Karatasi ya 46 iliuliza kama Shakespeare aliwahi kuutaja mwambao wetu. Hakuutaja; mshairi wa Kiingereza aliyeiandika Mombasa, Kilwa na Malindi katika utenzi wake ni John Milton, mwaka 1667. Ila merikebu za Antonio wa Mabepari wa Venisi zinatajwa kutoka Lisbon na India, na njia ya merikebu za Wareno kati ya sehemu hizo mbili ilipita katika bahari yetu.

Jumamosi, 10 Mei 2025

Rasimu nzima, kurasa 38, imesomwa leo mbele ya kikundi. Kabla ya jibu la Mabepari wa Venisi niliomba tusome tena tukio la mahakama, nikauliza bepari ni nani. Mikono 11 ilimwendea Shylock, minne Antonio, na mama wa pacha akasema, "Wote wawili, mwalimu, ndiyo maana ni mabepari."

Ndipo nilipolitambua kosa la mpangilio wangu. Nilikuwa nimeanza jibu hilo kwa historia ya neno, wakati tamthilia yenyewe inalo swali hilo hilo. Portia, mwanamke anayekuja kumwokoa Antonio, anapoingia mahakamani amevaa kama mwanasheria, jambo la kwanza analotaka kujua ni yupi kati ya wale waliosimama ni mfanyabiashara na yupi ni Myahudi, maana kwa kuwatazama hawezi kuwatofautisha. Swali lake nimelipandisha juu ya ukurasa, historia ya bepari ikaja chini yake, na idadi ya maneno imepungua kwa karibu robo. Jumatatu rasimu inakwenda kwa mwalimu mstaafu kwa uhakiki wa mwisho wa tahajia, pamoja na karatasi zote 46 ili alinganishe kila jibu na swali lake.